Pango kwa mfululizo au pango kwa hatua: kuchagua njia na wakati wa kusomea cheti cha kuzamia mapangoni

Mwanafunzi wa kuzamia mapangoni hufundishwa sheria moja kabla hata hajalowa: yeyote katika kundi anaweza kusitisha mzamio, wakati wowote, kwa sababu yoyote, wala haulizwi kitu. Akiinua kidole gumba, wote wanageuka na kutoka. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Pangoni umeshayavulia, mitungi imefungwa, kamba imeanza kunyoshwa, na bado una haki ya kurudi ukavae nguo zako.

Naanza na sheria hiyo kwa sababu ndiyo niliyotumia kupimia kila kitu katika ulinganisho huu. Usome lini, wapi, na nani, mitungi ikae mgongoni au ubavuni: kwa kila swali mimi hutazama kama njia husika inamwachia mwanafunzi nafasi ya kugeuka, au inamsukuma mbele kwa sababu ya ratiba, pesa aliyokwisha kulipa, au aibu mbele ya wenzake.

Juu kuna jiwe

Baharini ukiishiwa hewa, ukipotezana na mwenzio au ukichanganyikiwa, kuna upande mmoja unaoujua: juu. Pangoni juu kuna jiwe. Njia ya kutokea ni ile uliyoingilia, pengine mita 300 za kwenda mlalo, katika maji ambayo dakika moja iliyopita yalikuwa maangavu na sasa yamekuwa uji wa udongo kwa kuwa mtu mmoja kapiga pezi chini. Taa haisaidii kitu ndani ya uji huo. Kinachokutoa ni kamba iliyo kati ya vidole vyako.

Ndiyo maana mwalimu wa kuzamia baharini, hata awe na mizamio elfu, huhesabiwa mgeni akifika hapa. Kwenye milango ya mapango mengi ya Florida na Mexico kuna kibao chenye picha ya mauti, fuvu lililovaa joho na kushika mundu, kinachomwambia msomaji asiende mbele bila mafunzo ya mapango. Kibao hicho hakisahau kutaja kwamba miongoni mwa waliofia humo wamo walimu wa kuzamia.

Mwaka 1979 Sheck Exley, Mmarekani aliyekuwa wa kwanza kufikisha mizamio 1,000 mapangoni, alichapisha uchambuzi wa ajali zilizokuwa zikiua watu. Makosa yaliyojirudia yalikuwa machache mno: hakukuwa na kamba iliyonyoshwa bila kukatika hadi maji ya wazi, hewa haikubakizwa theluthi mbili kwa ajili ya kutoka, watu walikwenda chini kupita kiasi. Baadaye yakaongezwa mawili, kukosa mafunzo mahususi ya mapango na kutobeba taa zisizopungua tatu kwa kila mtu. Exley mwenyewe alifariki mwaka 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, kwenye mzamio wa kina kirefu sana. Namtaja kwa heshima. Aliijua orodha ile kuliko mtu yeyote, na kina cha maji hakikumbagua.

Ngazi tatu zinavyotofautiana

Majina ya kozi hubadilika kutoka shirika moja la mafunzo hadi jingine, lakini mashirika mengi yana ngazi hizi. Ya kwanza naiita kaveni, kwa kufuata wanavyoiita wazamiaji wenyewe: ule ukumbi wa mdomoni mwa pango ambako ukigeuza shingo bado unaona mwanga wa mchana.

| | Kaveni | Utangulizi wa pango | Pango kamili |
|---|---|---|---|
| Unafika wapi | Ndani ya mwanga wa mchana tu. Umbali wa mita 40 au 60 kutoka uso wa maji, kina na mlalo pamoja, kutegemea shirika | Gizani, kwa kufuata kamba kuu (ile ya kudumu kwenye njia kuu ya pango) peke yake | Gizani, pamoja na kuruka kutoka kamba moja hadi nyingine, kuzunguka, na kutokea mlango mwingine |
| Hewa ya kuingilia | Theluthi | Sudusi (sehemu moja ya sita) ya mitungi pacha, au theluthi ya mtungi mmoja | Theluthi |
| Vituo vya dikompresheni (kusimama kwa muda unapopanda ili gesi itoke mwilini) | Hakuna | Hakuna | Vinaruhusiwa kwa kiasi |
| Siku za mafunzo | 2 hivi | 2 au 3 | 4 au zaidi |

Mstari wa hewa ndio unaostahili kutulia nao. Chukua mitungi pacha iliyojazwa baa 210 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Kwa theluthi unatumia 70 kuingia, unageuka ikisoma 140. Sasa fikiria kwamba pale pale mbali kuliko pote mwenzako anapoteza hewa yake yote. Una theluthi mbili: moja yako ya kutokea, moja yake. Zinatosha kabisa, na hazibaki. Lakini watu wawili walioshtuka, wanaopumua kutoka mitungi ya mmoja na kusogea kwa kushikana gizani, hawapumui kama walivyopumua wakiingia. Kwa hiyo theluthi ni mpaka wa mwisho wa hesabu, na mzamiaji mwenye busara hugeuka kabla yake. Kwa sudusi unatumia 35 tu na kugeuka kwenye 175. Ukikosea katika ngazi ya utangulizi, unakosea ukiwa na akiba kubwa. Nikitaka kumweleza mtu kwa nini ngazi hii ya kati ina thamani, humwandikia hesabu hiyo tu.

Kuna jambo lingine ambalo jedwali halionyeshi. Theluthi huhesabiwa kwa pango linalotoa maji au lililotulia. Kwenye pango linalomeza maji, mkondo unakupeleka ndani bila kutumia nguvu na kukupinga wakati wa kutoka, na hapo theluthi inaweza kukuua. Hilo hufundishwa, na ni mojawapo ya sababu za kutojisomea kwa kutazama video.

Sasa au baadaye

Kwa karatasi, mlango uko wazi mapema. Kaveni kwa kawaida inataka umri wa miaka 18, na baadhi ya mashirika yanadai angalau mizamio 25. Mimi niliingia nikiwa na zaidi ya 100 ya baharini, nikiamini niko tayari. Siku ya kwanza mwalimu hakutupeleka pangoni kabisa. Alituweka katika maji ya wazi, mita 5, akatuambia tukae mlalo mahali pamoja kwa dakika 10 bila kutumia mikono. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena. Mizamio yangu yote ilikuwa ya kwenda mbele, na mtu anayekwenda mbele hafichuliwi na maji. Kusimama ndiko kunakomfichua.

Tangu hapo sihesabu mizamio ya mtu anayeniuliza kama wakati wake umefika. Namwambia ajaribu haya katika maji ya wazi, akiwa na mwenzi wa kumtazama: akae mlalo, kifua na magoti usawa mmoja, kwenye kina cha mita 5, avue miwani yake ya kuzamia na kuivaa, ampe mwenzake hewa, afunge fundo kwenye kamba, kisha arudi nyuma kwa mapezi, kinyumenyume, bila kugeuka. Kina chake kikibadilika chini ya nusu mita muda wote huo, yuko tayari kwa kaveni, hata kama ana mizamio 60 tu. Kikibadilika mita 2, basi ana kazi ya kufanya ambayo ni nafuu zaidi kuifanya kwenye bwawa au ufukweni kuliko kumlipa mwalimu wa mapango aifanye.

Sababu haihusiani na urembo. Kila kazi ya dharura pangoni hufanywa huku mwili ukijiweka sawa wenyewe. Ukilazimika kufikiria kuelea, huna akili ya kufikiria kamba. Na mwili ukizama kidogo tu, mapezi yanagusa tope laini. Ukipanda kidogo, mtungi unagonga dari. Hata viputo vyako vya hewa vinaweza kubandua chembe za udongo juu na kuzinyesha mbele ya macho yako, kwa hiyo pango halikuhitaji uongeze vurugu zako.

Wanaosubiri mno nao wana tatizo lao. Mtu mwenye mizamio 500 ya baharini, aliyezoea kupiga mapezi juu-chini na kutembeza mikono, atakuwa na tabia nyingi za kuzifuta. Mwenye 50 aliyefundishwa vizuri tangu mwanzo pengine atasonga haraka kumpita. Kusubiri bila kufanya mazoezi mahususi hakumsogezi mtu popote.

Na ipo njia ya kujaribu bila kusomea lolote. Kule Mexico, kwenye senote, yaani mashimo ya mawe ya chokaa yaliyojaa maji, za rasi ya Yucatán, mtu mwenye cheti cha kawaida cha kuzamia huweza kuongozwa kwenye kaveni, ndani ya mwanga, akifuata kamba iliyokwisha kunyoshwa. Kanuni zinazofuatwa huko ni kwamba kiongozi awe na cheti cha pango kamili, na asichukue zaidi ya wageni 4. Ukitoka humo huku moyo unakwenda mbio kwa hofu, umeokoa pesa na mwaka mzima. Ukitoka unatamani kujua kona ile ilikuwa inaelekea wapi, endelea kusoma hapa.

Siku nane mfululizo, au hatua

Huu ndio uamuzi ninaouona mzito kuliko yote, na ndio ambao watu huufanya kwa kuangalia kalenda ya likizo. Njia ya mfululizo inakuchukua kutoka kaveni hadi pango kamili kwa siku 8 hivi zinazofuatana. Njia ya hatua inakupa kaveni au utangulizi, inakurudisha nyumbani, na kukurudisha darasani baada ya miezi au miaka.

Mfululizo una faida za kweli. Safari ni moja, mwalimu ni mmoja na anakujua udhaifu wako tangu siku ya kwanza, na stadi zinajengana kabla hazijapoa. Zoezi la kufuata kamba kwa kugusa, macho yamefumbwa, hufanywa nchi kavu kati ya miti, kisha majini kwenye mwanga, kisha gizani. Ukilifanya kwa siku 3 mfululizo mkono unakariri. Ukilirudia baada ya mwaka, mkono umesahau na unaanza karibu upya. Kwa mtu anayeishi mbali na pango lolote, hoja hii ina uzito.

Hasara yake huanza kuonekana siku ya 5 au ya 6. Umechoka. Usiku unasoma, asubuhi unajaza mitungi, mchana mwalimu anakuzimia taa, anakufungia vali, anakuambia kwa ishara kwamba mwenzako amepotea. Kosa ulilofanya siku ya 4 halijapata muda wa kukuingia, na tayari unajifunza kuruka kamba na kuweka kwenye njia panda mishale inayoonyesha upande wa kutokea. Zaidi ya yote, mizamio yako yote ya pangoni hadi siku ya 8 imefanyika na mwalimu nyuma ya bega lako. Unapewa cheti kinachokuruhusu kwenda mbali na kupita njia panda nyingi, lakini hujawahi hata mara moja kuamua, wewe na mwenzi wa daraja lako, kwamba leo hatuingii.

Hapo ndipo naona tofauti kubwa. Mtu wa hatua anapata majira mazima ya kwenda kwenye kamba kuu, kwa sudusi yake, na kurudi. Anazoea sauti ya pumzi yake. Anaona pango lile lile asubuhi na baada ya mvua. Siku moja mwenzake anainua kidole gumba mita 40 ndani bila sababu yoyote inayoonekana, wanatoka, wanakunywa chai, na hakuna aliyeudhika. Uzoefu huo haumo kwenye mtaala wa mtu yeyote, na siku 8 hazina pa kuuweka.

Hatua nazo zina mitego. Mtu akipitisha miaka miwili bila kuona kamba, cheti chake cha utangulizi ni kumbukumbu tu, na akirudi inabidi aanze kwa siku ya kujikumbusha kabla ya kozi. Akibadilisha mwalimu, kila mmoja atataka amfundishe upya namna ya kushika rili, kile kigurudumu cha kuviringishia kamba. Na wapo wanaochoka na mipaka ya kamba kuu wakaanza kuchungulia pembeni. Huyo ni bora angemaliza mafunzo kuliko kujiongezea ruhusa mwenyewe.

Mimi nilichagua katikati, na ndiko ninakompeleka yeyote anayeniuliza: kaveni na utangulizi pamoja, siku 4 au 5 kwa mwalimu mmoja, kisha mizamio 20 hadi 30 ya kamba kuu na wenzi mbalimbali, kisha pango kamili, ikiwezekana kwa mwalimu yule yule. Kwangu pengo lilikuwa miezi 14. Niliporudi, mambo yaliyonitoa jasho mara ya kwanza yalikuwa yamekuwa kazi ya mikono, na akili ikapata nafasi ya kujifunza urambazaji, ambao ndio kiini cha ngazi ya mwisho.

Mlango wa bahari na mlango wa pango kavu

Karibu kila maelezo ya cheti hiki hudhani kwamba msomaji anatoka baharini. Uingereza wana mila nyingine. Kule wazamiaji wa mapango walitokana na watambaaji wa mapango makavu waliokuta njia imezibwa na maji na kutaka kujua upande wa pili kuna nini. Walizamia Wookey Hole mwaka 1935, na chama chao, Cave Diving Group, kilianzishwa mwaka 1946. Hadi leo chama hicho kinamtarajia mwanafunzi awe kwanza mtambaaji hodari wa pango kavu, na mafunzo hupitishwa kutoka kwa mwanachama hadi mwanachama badala ya kuuzwa kama kozi ya wiki. Maji ni baridi, hayaonyeshi mbali, njia ni nyembamba, na kwa sababu hiyo kuzamia peke yako, mitungi ikiwa ubavuni, ni jambo la kawaida huko.

Mzamiaji wa bahari anakuja na stadi za maji, anakosa stadi za pango. Mtambaaji anakuja na mwili usioogopa kubanwa na jiwe, na jicho linalosoma njia, lakini hajui kuelea. Kama wewe ni wa kundi la pili, usikubali kuharakishwa na mtu anayekuambia kwamba umeshalizoea pango. Nusu yako iliyobaki ni kuelea, na hiyo inataka mizamio ya maji ya wazi kama mtu mwingine yeyote.

Mexico, Florida au Ufaransa

Mexico ni mwalimu mpole mwenye masharti. Maji yana joto la nyuzi 25 hivi, kina kwa sehemu kubwa hakifiki mita 20, mkondo ni mdogo na uangavu ni wa ajabu. Mitandao yake ya mapango ni mirefu mno: Sac Actun, ulipothibitishwa mwaka 2018 kwamba umeungana na Dos Ojos, ulifikia takriban kilomita 347. Kwa kuwa kina ni kifupi, hewa inadumu, na mwanafunzi anapata muda mrefu wa kurudia mazoezi. Masharti yake ni mawili. Nguzo na michirizi ya mawe iliyojaa humo iliumbika zamani mapango yalipokuwa makavu. Ikivunjwa chini ya maji haioti tena, kwa hiyo mwili usiotulia unaharibu kitu kisichorudishika. Kisha kuna njia panda nyingi, na pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi picha hutibuka kana kwamba kioo cha miwani kimepakwa mafuta.

Florida inafundisha nguvu na hesabu. Mfumo wa Devil's pale Ginnie Springs unasukuma maji nje kwa kasi, kwenye kina cha mita 30 hivi. Unajifunza kusoma mkondo, kujificha nyuma ya mwamba, kujivuta kwa vidole bila kuchubua ukuta. Hewa inakwisha upesi wakati wa kuingia, lakini maji yanakubeba ukitoka. Peacock Springs, isiyo mbali sana, iko karibu kutulia, na tope lake halisamehi. Mwalimu anayekupitisha kote kuwili amekupa zaidi ya yule anayebaki kwenye chemchemi moja wiki nzima.

Ufaransa, hasa eneo la Lot, ni shule ya baridi. Ressel inaanzia chini ya mto Célé, maji yana nyuzi 13 hivi, na mvua ikinyesha uangavu unaweza kutoweka. Utahitaji suti kavu, isiyoingiza maji, na glavu nene ambazo zinageuza kila fundo kuwa kazi. Singempeleka mtu huko kwa kozi ya kwanza isipokuwa ameshazoea suti kavu vizuri. Lakini kama mapango atakayoyazamia maishani ni ya baridi, basi kujifunzia Mexico peke yake ni kujiandaa kwa mtihani mwingine.

Sheria yangu ya kuchagua ni rahisi: soma mahali panapofanana na utakapozamia baadaye, na kama hujui utazamia wapi, anzia maji ya joto na yaliyotulia ili akili yako iwe kwenye kamba.

Neno moja kuhusu Australia. Baada ya vifo kadhaa karibu na Mount Gambier, wakiwemo wanne waliokufa pamoja katika shimo la Shaft mwaka 1973, wazamiaji waliunda Cave Divers Association of Australia mwaka huo huo, na ruhusa ya kuingia mashimo mengi ya huko imefungamanishwa na daraja la chama hicho. Kama ndoto yako iko huko, mlango umeshakuchagulia shirika.

Mgongoni au ubavuni

Mitungi pacha ya mgongoni imeunganishwa kwa bomba: regyuleta (kifaa cha kupumulia) moja ikiharibika, unafunga vali yake na kuendelea kutumia hewa ya mitungi yote kupitia nyingine. Lakini vali ziko nyuma ya kichwa, na bega gumu haliwezi kuzifikia. Mitungi ya ubavuni unaiona, unaishika, unapita pembamba, na mgongo mbovu unakushukuru kwa sababu unaibeba mmoja mmoja hadi majini. Gharama yake ni kwamba kila mtungi unajitegemea, hivyo huna budi kubadilisha mara kwa mara ili ipungue sawasawa, na kamba za kufungia huchukua muda mrefu kurekebishwa zikae.

Chagua kufuatana na mwili wako na wenzi utakaozamia nao. Kosa ninaloliona ni mtu kununua mtindo mpya wiki moja kabla ya kozi. Vyovyote utakavyochagua, kizamie kifaa hicho mara 20 au zaidi katika maji ya wazi kwanza.

Shirika au mwalimu

NSS-CDS, TDI, IANTD, PADI, CMAS, GUE ni mashirika ya mafunzo ya kuzamia: viwango vyao vya msingi vimetokana na masomo yale yale ya ajali, na kadi ya yoyote kati yao inatambulika sehemu nyingi. Tofauti inayofaa kuijua ni ya GUE, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo huanza na kozi ya misingi katika maji ya wazi, ina ngazi mbili za pango, na hudai kila mwanatimu avae na kuendesha vifaa kwa namna moja. Anayependa mfumo ulionyooka ataufurahia. Kwangu ile kozi ya misingi inafaa hata kwa mtu ambaye baadaye atasomea pango kwa shirika jingine, kwa kuwa inarekebisha ule udhaifu wa kusimama mahali pamoja.

Zaidi ya hapo, mchague mtu. Mpigie simu, usitegemee ujumbe. Muulize anazamia mapangoni mara ngapi kwa ajili yake mwenyewe, bila wanafunzi. Muulize anachukua wanafunzi wangapi kwa pamoja. Zaidi ya watatu pangoni, mimi ningetafuta mwingine. Muulize ni lini mara ya mwisho alimnyima mwanafunzi cheti, na ilikuwaje. Wa kwanza niliyemuuliza swali hilo aliniambia wanafunzi wake wote hufaulu. Nilimshukuru nikakata simu. Wa pili alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia kuhusu mtu aliyemrudisha nyumbani siku ya 3, akarudi baada ya nusu mwaka. Nilisoma kwa huyo.

Kwa hiyo wewe

Una mizamio 30 na hamu kubwa: nenda kwenye kaveni ya kuongozwa, kisha tumia mwaka kujifunza kusimama majini. Una 100, na likizo moja tu kwa mwaka karibu na pango: soma kaveni na utangulizi, ukae hapo bila haya. Kamba kuu za Mexico peke yake zitakutosha kwa miaka, na cheti cha pango kamili kinachotumika siku 5 kwa mwaka kinamruhusu mtu mambo ambayo mikono yake imeshayasahau. Unaweza kufika pangoni kila mwezi: nenda hadi ngazi ya mwisho, kwa pengo la kutosha katikati.

Na kama umeshalipia zile siku 8, usivunje safari. Mwandikie mwalimu leo, umwambie kwamba unalipia siku za mafunzo wala hulipii kadi, na kwamba ungependa jioni ya siku ya 4 mkae wawili muamue kama mnaendelea na pango kamili au mnatumia siku zilizobaki kurudia kamba kuu. Mwalimu mzuri atafurahi kupata barua hiyo. Akikwepa, bado una muda kabla ya ndege kutafuta mwingine.